Sleji Isiyogusa Theluji

Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya mguu wa kushoto wa sleji. Tilli alilitazama likikua, likanenepa, likadondoka. Halafu likaja jingine.

Alisimama palepale uani na ndoo ya maziwa mkononi. Kipimajoto cha mlangoni kilionyesha nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Kuku walikuwa wamekataa kutoka bandani, na paka alivuka ua kwa kurukaruka kama anayekanyaga makaa. Katika baridi ya namna ile maji hayadondoki. Yanasimama yalipo na kuwa jiwe. Labda kama yanatoka kwenye kitu chenye joto ndani yake.

Akaweka ndoo chini, akavua glavu, akaugusa mguu wa sleji kwa kiganja. Ubao ulikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

"Mungu wangu," akasema moyoni. Tilli alikuwa na miaka kumi na tisa, na maneno yake mengi aliyasemea humo humo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mashindano. Kila Februari, Jumapili ya pili, kijiji cha Galmuns huwafungia wageni mlima hadi saa sita mchana. Viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani husimama, wenye ski hunywa kahawa hotelini wakichungulia madirishani, na mlima hurudi kwa wenyewe. Familia kumi na moja hutoa sleji zao za pembe, zile kubwa zenye miguu iliyopinda juu kwa mbele kama pembe, ambazo babu zao walizitumia kuteremshia nyasi kavu kutoka kwenye maghala ya juu, wakati ng'ombe wa chini walipoishiwa chakula. Nyasi siku hizi huja kwa trekta. Lakini Jumapili hiyo ni kama zamani: watu watatu kwa kila sleji, mmoja mbele katikati ya pembe akiongoza kwa miguu yake, mzigo wa nyasi umefungwa kwa kamba, na sleji hupanda kwa nguvu za watu wake, si kwa mashine. Ukiangusha nyasi njiani, unarudi kuzifuata. Na atakayekuwa wa mwisho hupewa kengele bubu.

Kengele bubu ni kengele ya ng'ombe iliyong'olewa ulimi. Hutundikwa mlangoni kwa aliyeshindwa, ikakaa hapo mwaka mzima. Kila apitaye huisukuma kwa kidole, haitoi sauti, naye hucheka na kwenda zake.

Mwaka huu ilikuwa imetundikwa mlangoni kwa Gebhard, mjomba wake Tilli.

Gebhard alikuwa ameongoza sleji ile miaka ishirini na miwili, na mara sita alishika nafasi ya kwanza. Mwaka jana ilitambaa kama inavutwa kwenye uji. Watu walisimama kwenye uzio wakatazama sleji ya Gebhard ikipunguza mwendo pale ambapo nyingine ziliruka, na wote wakasema neno moja: mzee ameogopa, amekaza miguu. Tangu hapo jina lake likawa Breki. Muuza mikate alimwita Breki. Hata kasisi lilimponyoka mara moja, akaomba radhi.

Naye Gebhard hakubisha hata siku moja. Kilichomuumiza Tilli ni kwamba mjomba mwenyewe aliamini. Aliitazama miguu yake jioni mbele ya meko kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata. Wakati wa vuli alikuja Bi Walburga, mwenye hoteli kubwa ya chini ya kanisa, mwanamke aliyeolewa kutoka bondeni, kuiomba sleji iwe pambo la mapokezi. Gebhard akampa mkono.

"Nikiwa wa mwisho tena, ichukue."

Na Galmuns mkono ukishatolewa umetolewa.

"Nitaipanga maua juu yake," alisema Bi Walburga kwa furaha. "Maua mekundu, safu tatu."

"Maua!" Bibi Kreszenz, mama yake Gebhard, aliigonga meza kwa kijiko. "Sleji ya marehemu mume wangu ipangwe maua kama kaburi!"

Tilli alikuwa kwenye kona siku ile akimenya viazi. Yeye peke yake alijua kwamba mjomba hakuogopa.

Mwaka jana, jioni ya kuamkia mashindano, alikuwa ameisugua miguu ya sleji kwa ngozi ya nguruwe yenye mafuta, kama alivyopangiwa. Akafikiri: mafuta yataingia vizuri zaidi kwenye joto. Kwa mapenzi mema kabisa akaikokota sleji hadi zizini, ikalala katikati ya ng'ombe. Alfajiri akaitoa na kuiweka kwenye theluji pale pale ilipokuwa. Miguu ya moto ikayeyusha theluji, theluji ikaganda upya, ikaushika ubao kama ulimi wa mtu aliyelamba chuma. Kila mwenye sleji Galmuns anajua kwamba haiingizwi ndani kabla ya mbio. Ni sheria iliyojulikana mno, hata hakuna aliyewahi kukumbuka kumwambia Tilli, aliyeletwa pale na mama yake akiwa na miaka tisa.

"Umeiangalia miguu?" mjomba alimuuliza kule juu.

Akaitikia kwa kichwa.

Aliiona barafu baada ya mbio, sleji ilipopinduliwa nyuma ya ghala, nene kama kidole. Wakati huo watu walikuwa wameshacheka. Tilli akajiambia, nitasema kesho. Kesho ikawa na kesho yake, mpaka mwaka ukaisha.

Na sasa, tone.

Binamu yake Isidor, mtoto wa Gebhard, alitoka nje akitafuna mkate. Alikuwa kijana wa miraba minne, anayecheka kwanza ndipo asikie kichekesho.

"Isidor," Tilli akasema kwa sauti ya chini, "sleji imelala wapi?"

"Hapa. Juu ya magogo yake. Si unaiona?"

"Isidor."

Mkate ukasimama kooni. "Kwa Bi Walburga," akanong'ona. "Alitaka kupima tu! Aone kama inaenea kati ya meko na ngazi. Nikasema ataileta jana hiyo hiyo, yeye kaileta leo. Haina hata mkwaruzo, mwenyewe nimekagua."

"Alikupa nini?"

"Keki ya tufaha."

"Kipande?"

"Keki nzima," alisema Isidor, na kwa sekunde moja uso wake ukang'aa kwa kumbukumbu.

Kabla Tilli hajasema lingine, mlango ukafunguka na Gebhard akatoka na kamba begani, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Akaisukuma kengele bubu pembeni kwa bega, kama alivyofanya kila siku ya mwaka ule.

"Haya, ishusheni tuanze kuvuta. Daftari la kujiandikisha kule juu linafungwa saa tatu na nusu, na magoti yangu si ya jana."

Isidor akashika pembe moja, akainua. Sleji ikateleza juu ya magogo. Ncha ya mguu ikashuka kuelekea theluji, ikabaki shibiri moja.

"Isiguse theluji!"

Isidor aliganda. Zizini ng'ombe mmoja aliacha kutafuna. Gebhard aligeuka kumtafuta aliyepiga kelele, akatazama mlangoni, akatazama barabarani, ndipo akagundua ni mpwa wake.

"Ina joto, mjomba," Tilli akasema, na sauti ilikuwa imesharudi ndogo. "Shika uone."

Gebhard akashika. Akashika na mguu wa pili. Kisha akamgeukia mwanawe polepole, na Isidor akaieleza habari ya keki yote kwa pumzi moja, pamoja na sukari ya juu.

"Wewe!" Gebhard akapandisha sauti. "Miaka ishirini na saba umezaliwa kwenye mlima huu, unaiuza sleji ya babu yako kwa keki!"

"Niliikodisha tu, baba."

"Nyamaza! Kama si huyu mtoto, tungeiweka chini hapa, ikashika barafu, tukakwama kule juu kama..." Akasita. Aliitazama miguu ya sleji, halafu yake mwenyewe. "Hapana," mjomba akasema taratibu. "Mwaka jana ililala hapa nje. Niliiona kwa macho yangu asubuhi. Mwaka jana nilikuwa mimi."

Hapo ndipo pa kusema. Tilli alifungua mdomo, ukaingia upepo tu.

"Tusubiri ipoe?" Isidor akauliza.

"Saa moja ya kusubiri, saa moja na nusu ya kupanda. Hesabu mwenyewe, kama keki haijakujaa kichwani." Gebhard akavua koti, akapangusa miguu ya sleji kwa pindo lake mpaka ikakauka. "Tutaibeba. Itapoa njiani kwa upepo. Kilo arobaini na tano. Isidor, wewe nyuma, peke yako."

"Peke yangu?"

"Keki uliila na nani?"

Basi wakaibeba. Gebhard na Tilli mbele, kila mmoja na pembe begani, Isidor nyuma akihema, na mzigo wa nyasi umefungwa juu. Wakatoka uani hivyo, wakaingia barabara kuu ya Galmuns, ambako kijiji kizima kilikuwa kimeshajipanga kwenye uzio na matarumbeta ya kanisa yalikuwa yanapashwa moto.

Matarumbeta yakanyamaza. Kisha barabara yote ikalipuka.

"Jamani, mnamzika nani?"

"Breki! Mwaka huu sleji ndiyo imekupanda?"

"Mpeni maji huyo wa nyuma, anakufa!"

"Tunamzika Xaver!" Isidor alijibu kwa sauti iliyokatika. "Hajaambiwa tu!"

Xaver mwenyewe alikuwa hatua kumi mbele yao, akiivuta sleji yake kwa raha pamoja na walimu wenzake wawili. Alikuwa mkuu wa shule ya ski, mwenye koti jekundu na meno ya tangazo, na ndiye aliyeshinda mwaka jana. Ndiye pia, Tilli alijua, aliyelianzisha jina la Breki. Akageuka akitembea kinyumenyume.

"Mzee Gebhard! Sleji ni ya kukaliwa, si ya kubeba. Au magoti yamesahau?"

"Tembea, kijana," Gebhard akasema. "Utajikwaa."

Xaver akajikwaa kweli, kwa kuwa alikuwa anatembea kinyumenyume, na watu wakamcheka. Hilo lilimwasha kidogo.

Tilli hakupenda kutazamwa. Siku nyingine angepita nyuma ya maghala kuikwepa barabara ile. Lakini pembe ilikuwa begani, mjomba upande wa pili alikuwa anahema, na kadiri walivyocheka ndivyo alivyozidi kuikaza. Akaona ajabu moja: kicheko kinaumiza ukikipokea peke yako, ila mkigawana watatu kinapungua uzito. Sleji ndiyo iliyokataa kupungua.

Kwenye kibanda cha tiketi alisimama Bi Notburga, ambaye habari zake huwa zinafika kabla ya tukio. Aliwatazama wakipita, akakunja macho, akamgeukia mwenzake.

"Umeona ilivyong'aa miguu? Ni nta mpya ya kutelezea. Hairuhusiwi kugusa theluji kabla ya mbio, la sivyo inakufa."

"Nani kakwambia?"

"Kwani mtu mwenye akili anabeba sleji mlimani bure?"

Tilli aliyasikia kwa masikio yake. Na mlima una njia moja tu ya kupandia, maneno nayo hupanda upesi kuliko miguu. Hawajafika kwenye kinu cha kupasulia mbao, akaona walimu wawili wa Xaver wakinong'onezana. Xaver akatikisa kichwa kwa dharau. Akatembea. Akageuka kuitazama sleji ya Gebhard. Akatembea tena. Kisha akasimama, akasema jambo fupi, na wote watatu wakainama.

"Baba," Isidor akaita kutoka nyuma. "Baba, tazama mbele. Wanaibeba!"

"Nani?"

"Xaver! Anaibeba ya kwake!"

Gebhard akainua kofia. Kweli, lile koti jekundu lilikuwa limejikunja chini ya pembe. Na nyuma yao, kwenye kona, familia ya mchonga majeneza nayo ilikuwa inahesabu moja, mbili, tatu, ikainua. Na wengine nyuma ya hao.

Isidor alianza kucheka. Sleji ikaanza kutikisika.

"Usicheke, utaiangusha!"

"Sicheki, baba, nalia!"

"Hata kulia usilie!"

Lakini Gebhard mwenyewe mabega yalikuwa yanatetemeka, na si kwa uzito. Tilli alimtazama kwa pembeni. Mwaka mzima hakuwa ameona meno ya mjomba wake. Akahisi kitu kinapanda kifuani kama mapovu ya maziwa yanayochemka, akauma midomo, akashindwa, na hivyo wote watatu wakaumaliza ule mwinuko wa mwisho wakicheka na kuhema na kusukumana, sleji ikiyumba juu yao kama jahazi la walevi, mpaka juu, mpaka penye meza ya daftari, saa tatu na dakika ishirini na sita.

Kule juu upepo ulikata masikio. Waliilaza sleji juu ya marobota ya nyasi. Xaver alikuwa amekaa chini na mikono imelegea mapajani kama soksi zilizoloa. Mwenzake mmoja alishindwa kukunja vidole kushika kikombe cha chai.

"Mzee," Xaver akaita akihema, "hiyo nta inaitwaje?"

"Nta gani?" Gebhard akauliza.

Xaver akamtazama. Wazo likamwingia polepole na uso ukabadilika rangi, lakini alikuwa mtu wa fahari, akainama kujifanya anafunga kiatu.

Tilli akatoa ngozi ya nguruwe mfukoni, akasugua mguu mmoja hadi mwingine. Ubao sasa ulikuwa baridi kama risasi. Mjomba akaja, akasimama juu yake.

"Umeiangalia miguu?"

Ni maneno yale yale. Safari hii Tilli hakuitikia kwa kichwa. Alijilaza chali, akaingia chini ya sleji, akapitisha kiganja kitupu kwenye mguu wa kulia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wa kushoto, kisha akarudia yote miwili, vidole vikiuma.

"Nimeiangalia," akasema kutoka chini.

Alipotoka alimkuta Gebhard hajaenda. Alikuwa ameishika kofia mikononi.

"Nimefikiri aongoze Isidor," akasema, akitazama bondeni. "Mimi nikae nyuma. Miguu ikiogopa mara moja inajifunza. Sitaki sleji ya baba yangu iende hotelini kwa ajili ya miguu yangu."

"Mimi siwezi kuongoza!" Isidor akaruka. "Mimi ni wa kusukuma! Baba, mimi nikiongoza tutaingia moja kwa moja kanisani!"

Mpuliza filimbi akaita namba saba. Namba saba ilikuwa yao.

"Mjomba," Tilli akasema. "Si miguu yako."

"Unajuaje?"

"Najua."

"Unajuaje, mwanangu?"

Filimbi ililia mara ya pili. Isidor alikuwa ameshaikokota sleji hadi mstarini. Tilli hakuwa na muda wa kusema wala wa kukimbia, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimshika mjomba wake mkono, akamvuta, akamsimamisha katikati ya zile pembe mbili.

"Kaa," akasema. "Usiweke miguu chini mpaka nikwambie."

Gebhard akakaa.

Kazi ya Tilli ilikuwa nyuma, juu ya nyasi, kutazama njia na kupiga ukelele wa kuegemea upande. Mwaka jana alinong'ona, na Isidor alikuwa akiuliza "Nini? Nini?" njia nzima. Filimbi ikalia ya tatu. Isidor akasukuma hatua nane, tisa, kumi, akarukia, na mlima ukaanguka chini yao.

Ilikwenda! Tangu kupumua kwa kwanza Tilli alijua kuwa inakwenda. Miguu ya sleji haikulia, haikukwaruza, ilivuma tu, sauti moja laini kama ya kisu kwenye hariri. Theluji ilimpiga usoni. Machozi yalikimbilia masikioni. Kona ya kinu ikawajia kama ukuta.

"Kushoto!"

Isidor akajitupa kushoto. Gebhard akashusha kisigino kimoja, mguso tu, na sleji ikapinda vizuri kama mbwa aliyeitwa jina.

"Inua!"

Akainua. Wakatoka kwenye kona kasi zaidi ya walivyoingia. Uzio, watu, kofia, bendera, vyote vikawa mstari mmoja wa rangi. Mtu mmoja akapiga ukelele "Breki!" na neno lenyewe likabaki nyuma kabla halijaisha.

Mbele yao kikaonekana kikanisa cha njiani, pale ambapo mwaka jana sleji ilisinzia. Hapo njia hubana na huteremka ghafla, na mwongozaji yeyote mwenye akili huweka miguu yote miwili chini. Tilli aliona visigino vya mjomba vikianza kushuka.

"Bado!" akapiga kelele. Sauti ilitoka tumboni, ikagonga ukuta wa kikanisa, ikarudi. "Bado, mjomba! Baaado!"

Visigino vikabaki hewani. Ukuta ukaja. Alihesabu dirisha, mlango, msalaba.

"Sasa! Kulia!"

Theluji ikapasuka pande zote mbili. Sleji ikaegemea mguu mmoja, Isidor akaning'inia nje kama nguo kwenye kamba, nyasi zikagusa ukuta na kuacha majani mawili matatu, na wakapita. Walipita! Gebhard alipiga ukelele ambao hakuna aliyejua kuwa bado anao, ule wa wachunga ng'ombe unaoanzia chini na kuvunjika juu, akaendelea kuupiga mteremko wote wa mwisho, mpaka chini, mpaka kwenye marobota ya kuzuilia, ambako waliingia vichwa kwanza.

Tilli alitoka ndani ya nyasi akiwa na kiatu kimoja. Bibi Kreszenz, aliyekuwa kwenye kiti chake na mablanketi matatu, alikuwa amesimama, jambo ambalo daktari alimkataza.

"Dakika moja na sekunde hamsini na nne!" mpaza sauti akatangaza. "Wa pili mpaka sasa!"

"Sauti ile ilikuwa ya nani?" Bibi akauliza. "Pale kikanisani. Nilifikiri ni ng'ombe kaingia njiani."

"Ya Tilli, bibi."

"Tilli yupi?"

Xaver alikuwa namba nane. Alianza vizuri, hilo hakuna atakayemnyima. Lakini kwenye kona ya kinu mikono yake na ya wenzake, iliyobeba sleji saa nzima kwa ajili ya nta isiyokuwepo, ilikataa. Mmoja hakuweza kushikilia kamba. Mzigo wa nyasi ukateleza, ukabingirika, ukaruka uzio na kutua mapajani mwa mpiga tarumbeta. Wakasimama, wakaufuata, wakaurudisha, nao watu wakawahesabia sekunde kwa sauti moja, mpaka zaidi ya mia mbili.

Sleji zote zilipokwisha kushuka, Gebhard alikuwa wa tatu. Xaver alikuwa wa kumi na moja.

Mchana ule ukumbi wa kijiji ulijaa hadi ngazini. Supu ya shayiri ilipita kwa ndoo, jibini kwa sinia. Bibi Kreszenz alikuwa ameshapita nyumbani na koleo, akaikata mwenyewe waya ya kengele bubu, na sasa aliiweka mbele ya Xaver kwa adabu kubwa.

"Itunze, mjukuu wangu. Usiiloweshe."

Xaver alicheka, kwa shida, lakini alicheka. Akaisukuma kwa kidole. Haikulia. Ukumbi mzima ukashangilia.

"Na mimi maua yangu nitayaweka wapi?" Bi Walburga akalalamika.

"Kwenye sinia ya keki!" Isidor akajibu, akapigwa kofi la kichwa na baba yake, na watu wakacheka upya.

Ndipo Gebhard akasimama. Si mtu wa kusimama, kwa hiyo walinyamaza haraka.

"Mimi ni mtu wa maneno machache," akasema. "Leo nimefurahi, basi nitasema hili, liishe. Mwaka jana mlisema niliogopa. Mlisema kweli. Sikuwaambia, lakini ni kweli, niliogopa, miguu ikaniangusha, na nikaiaibisha nyumba ya baba yangu. Leo nimepona. Niite Breki anayetaka, sitakasirika tena."

Watu walipiga meza kwa ngumi, kwa upendo. Mtu akapaza, "Hatukuiti tena, mzee!" Kasisi akapangusa miwani. Kila mmoja alikuwa na furaha, na mjomba alikuwa anakaa, ameridhika, na uongo ule umeshakuwa wake mpaka atakapokufa.

Tilli alikitazama kijiko chake. Kulikuwa na punje moja ya shayiri ndani yake. Angeweza kuila, na yote yangepita vizuri.

Kiti chake kikakwaruza sakafu. Watu wa karibu wakageuka, kisha wa mbali, hata mpishi mlangoni. Alimtazama mjomba peke yake, kwa kuwa angewatazama wote asingeweza.

"Mjomba, uliniuliza najuaje," akasema, na sauti ilikuwa ile ya kikanisani, ila imetulia. "Mwaka jana hukuogopa. Sleji ililala zizini. Mimi ndiye niliyeiingiza."